Barua za Rais Jackson na Forodha ya Mombasa

Ushuru wa forodha, yaani malipo ambayo dola huyatoza juu ya bidhaa zinapoingia au kutoka katika bandari zake, huonekana ndani ya vitabu vya sheria kuwa jambo la hesabu tu: kiwango fulani kwa kila mia, orodha ya bidhaa, na adhabu ya mwenye kukwepa. Barua ambazo watawala waliwaandikia wasiri wao wakati sheria za namna hiyo zilipokuwa zikibishaniwa huonyesha sura nyingine kabisa, kwa kuwa ndani yake suala la kiwango hupungua uzito na suala la mamlaka hujitokeza wazi, la nani mwenye haki ya kuketi kwenye mlango wa bahari na kupokea. Mgogoro wa aina hiyo ulizitikisa karibu wakati mmoja, kati ya mwaka 1824 na 1837, bandari mbili ambazo wakazi wake hawakuwa na habari wao kwa wao, yaani Charleston katika jimbo la South Carolina nchini Marekani na Mombasa katika pwani ya Waswahili. Na mtawala mmoja, Rais Andrew Jackson, alihusika na zote mbili, ya kwanza kwa barua kali alizoziandika kwa mkono wake, ya pili kwa mbali, kupitia mkataba uliojadiliwa kwa siri na mjumbe wake.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke ni lazima kwanza kuitazama Mombasa yenyewe. Ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na kutekwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, imesimama kwenye mlango wa bandari ya kale, upande wa mashariki wa kisiwa, na umbali kutoka hapo hadi forodhani ni wa mwendo mfupi wa miguu kupitia barabara ya Ndia Kuu. Mwenye ngome aliweza kuona kila jahazi lililoingia, na mwenye kuliona jahazi aliweza kulidai. Kwa sababu hiyo ukoo wa Mazrui, ambao wazee wake walikuwa wametumwa na watawala wa Oman kuwa maliwali wa mji kisha wakakataa, tangu miaka ya 1740, kuutambua utawala mpya wa Busaidi, uliutegemea ushuru wa bandari kwa kuwalipa askari, kuwaridhisha wazee wa Thenashara Taifa, yaani yale makundi kumi na mawili ya wenyeji wa Mvita (Mombasa), na kudumisha urafiki na Wamijikenda wa bara, ambao bila wao pembe, sandarusi na nafaka zisingefika kisiwani.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman tangu 1806, alipoanza kuurudisha ubwana wake juu ya pwani hii, aliwanyang'anya Wamazrui kisiwa cha Pemba, ghala la chakula la Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1820. Wamazrui walijibu kwa kalamu. Walipeleka maombi kwa Waingereza wa Bombay wakitaka ulinzi, na walipokataliwa wakapandisha bendera ya Kiingereza bila idhini, hata nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa akipima pwani za Afrika kwa ajili ya kuchora ramani, alipotia nanga Mombasa Februari 1824 katika manowari ya Leven, akaikuta bendera ya nchi yake ikipepea juu ya ngome ya watu wengine. Owen alikuwa mtu aliyeichukia biashara ya watumwa kwa moyo wote, akaona kwamba hapo palikuwa na nafasi ya kuikomesha, na bila kungoja amri kutoka London akafanya mapatano na Liwali Suleiman bin Ali.

Masharti ya mapatano hayo yanastahili kuangaliwa kwa utulivu. Uingereza ingeirudishia Mombasa milki zake za zamani, Pemba ikiwemo. Utawala ungebaki katika ukoo wa Mazrui. Mwakilishi wa Kiingereza angekaa mjini. Biashara ya watumwa ingekoma. Raia wa Uingereza wangeruhusiwa kufanya biashara na bara. Na mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu. Kati ya hayo yote, sharti la forodha ndilo lililoanza kutekelezwa mara moja, kwa sababu halikuhitaji vita wala safari: lilihitaji mtu wa kuketi forodhani na kuchukua nusu. Luteni John Reitz, aliyeachwa na Owen kuwa mwakilishi, alifariki Mei ya mwaka huohuo, na jina lake limebaki katika eneo la Port Reitz. Kuanzia Agosti 1824 kazi hiyo ilishikwa na Luteni James Emery hadi Waingereza walipoondoka Julai 1826.

Emery aliandika shajara, yaani kumbukumbu ya kila siku, ambayo imehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza, na hapana shaka kwamba ni mojawapo ya hati zenye thamani kubwa kuhusu Mji wa Kale wa Mombasa katika kipindi kile. Mapatano hayakuchukua muda kuchacha. Wamazrui walikuwa wametoa nusu ya mapato yao kwa matumaini ya kurudishiwa Pemba, na Pemba haikurudi. Walikubali kuacha biashara ya watumwa, ambayo iliwaletea fedha, na hawakupata kitu cha kuziba pengo. Huku nyuma Seyyid Said alikuwa akiipelekea serikali ya Bombay barua za malalamiko, akiikumbusha kwamba yeye ni rafiki yao aliyetia saini mwaka 1822 mkataba wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo. Hesabu ya Bombay haikuwa ngumu, kwani urafiki wa Muscat, mji unaotazama njia ya Ghuba, ulikuwa na faida kwa Uingereza kuliko nusu ya ushuru wa Mombasa. Himaya ya Owen ikakanwa na wakubwa wake. Wamazrui hawakushindwa kwa hoja. Waliandikiana na watu waliokuwa na barua nyingine mezani.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa ikiingia katika mgogoro wake. Sheria ya ushuru ya mwaka 1828, ambayo wapinzani wake waliiita ushuru wa machukizo, ilipandisha malipo juu ya bidhaa kutoka nje hadi yakakaribia nusu ya thamani ya bidhaa zilizotozwa, kwa lengo la kuvilinda viwanda vya majimbo ya kaskazini, hasa vya nguo na chuma, dhidi ya bidhaa za Uingereza. Majimbo ya kusini, yaliyoishi kwa kuuza pamba iliyolimwa na watumwa na kununua bidhaa za Ulaya, yaliona kwamba yanalipa ili wengine watajirike. Makamu wa Rais, John C. Calhoun wa South Carolina, aliandika kwa siri, bila kuweka jina lake, waraka uliodai kwamba jimbo lina haki ya kuitangaza sheria ya taifa kuwa batili ndani ya mipaka yake. Sheria mpya ya Julai 1832 ilipunguza viwango kidogo, lakini haikutosha. Novemba 24 mwaka huo mkutano maalumu wa South Carolina ulitangaza kwamba sheria zote mbili ni batili na kwamba ushuru usingetozwa tena katika jimbo hilo kuanzia Februari 1, 1833.

Jackson mwenyewe hakuwa shabiki wa ushuru mkubwa. Tangu 1824, katika barua iliyochapishwa wakati alipokuwa akiwania urais kwa mara ya kwanza, alikuwa ametetea ushuru wa busara, msemo ambao kila mtu aliweza kuufasiri apendavyo. Lakini barua zake za faragha za majira yale ya baridi hazibishani juu ya viwango. Joel Poinsett, kiongozi wa wale waliobaki watiifu kwa Muungano huko Charleston, alimwarifu Rais kila jambo lililotokea mjini, naye Rais alimjibu kwamba kubatilisha sheria kwa nguvu ni uasi na ni vita, kwamba bunduki 5,000 zilikuwa zimeagizwa zipelekwe Castle Pinckney, ngome ndogo iliyomo ndani ya bandari, na kwamba katika muda wa siku 40 angeweza kuwa na watu 50,000 ndani ya mipaka ya jimbo. Kwa umma alitoa tangazo la Desemba 10, 1832, lenye hoja ndefu za kikatiba. Kwa Poinsett aliandika kama jenerali. Martin Van Buren, aliyekuwa amechaguliwa kuwa makamu wake mpya, alimsihi kwa barua apunguze ukali, asije akayasukuma majimbo mengine ya kusini upande wa waasi.

Jibu la sheria lilikuja Machi 2, 1833, siku ambayo Jackson alitia saini sheria mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilishusha ushuru polepole hadi ufike asilimia 20 mwaka 1842. Ya pili ilimpa Rais uwezo wa kutumia jeshi, na ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho kingeeleweka mara moja na mtu yeyote aliyeijua Mombasa: Rais aliruhusiwa kuihamisha forodha kutoka mjini na kuiweka mahali salama bandarini, hata ndani ya merikebu, na vyombo vizuiliwe hapo mpaka ushuru ulipwe kwa fedha taslimu. Forodha ikiwa chini ya mizinga, mji unaweza kutangaza ubatili wa sheria upendavyo. Mwenye mzigo atalipa. Wamazrui walilijua jambo hilo kutokana na ngome yao, na Seyyid Said alilijua kutokana na kuikosa.

Mei 1, 1833, mgogoro ulipokuwa umetulia, Jackson alimwandikia mchungaji mmoja, Andrew Crawford, barua ambayo wanahistoria wa Marekani huirejelea mara nyingi. Alieleza humo kwamba ushuru ulikuwa kisingizio tu, kwamba shabaha ya kweli ilikuwa kuvunja Muungano na kuunda dola ya kusini, na kwamba kisingizio kitakachofuata kitakuwa suala la watu weusi na utumwa. Vita vilivyoanza mwaka 1861 kwa mizinga iliyorushwa ndani ya bandari hiyohiyo ya Charleston vilimthibitisha. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba mwandishi wa barua hiyo alikuwa mmiliki wa watumwa, na kwamba aliuona utumwa kuwa hatari kwa dola yake tu, hakuuona kuwa dhuluma kwa wanaotumikishwa. Barua ya faragha humfunua mtu kwa uwezo wake wa kuona na kwa upofu wake pia.

Katika miezi hiyohiyo mjumbe wa Jackson alikuwa baharini. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire, alikuwa amefika Unguja, kisiwa kilichokuwa chini ya Oman, mwishoni mwa miaka ya 1820, akalalamika mbele ya Seyyid Said juu ya malipo na vikwazo alivyokumbana navyo, na akaambiwa kwamba mkataba na Marekani ungekaribishwa. Roberts aliporudi kwao alimwandikia rafiki yake Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake, ambaye mwaka 1831 aliteuliwa na Jackson kuwa waziri wa jeshi la majini. Kwa njia hiyo barua ya mfanyabiashara aliyekerwa ikageuka kuwa siasa ya dola: Januari 1832 Roberts aliteuliwa kuwa wakala maalumu, akasafiri katika manowari ya Peacock akiwa ameandikishwa kama karani wa nahodha ili mataifa mengine yasijue shughuli yake, na Septemba 21, 1833 mkataba ukatiwa saini mjini Muscat. Seyyid Said alimwandikia Jackson barua ya heshima na sifa nyingi, kama ilivyo desturi ya wafalme wa Mashariki. Jackson, ambaye miezi sita tu kabla alikuwa tayari kumwaga damu ili ushuru wake ulipwe, akapata kwa raia wake kiwango ambacho hakuna bandari ya Marekani iliyowahi kukiota katika miaka ile: asilimia 5 ya thamani ya mzigo ulioteremshwa, na hapana malipo mengine ya nanga, ya rubani wala ya leseni, na mzigo usiouzwa ungeondoka bure.

Ndani ya mkataba huo kulikuwa na mpaka mmoja. Bunduki, baruti na risasi, katika kisiwa cha Unguja, ziliweza kuuzwa kwa serikali pekee. Ni vigumu kuusoma mpaka huo bila kuikumbuka Mombasa, kwa maana Said alikuwa ameishambulia mwaka 1828 na tena mwishoni mwa 1829, na mwaka uleule wa mkataba alijaribu tena akashindwa. Mtawala asiyeweza kuuteka mji kwa vita hawezi kupuuza kwamba silaha zinazoteremshwa Unguja leo zinaweza kuvuka bahari kesho. Hata hivyo kwa ushuru wenyewe Said alikuwa mkarimu, na ukarimu huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Alitaka meli za kigeni zije Unguja, zisihangaike kutafuta bandari nyingine, na alifanikiwa: Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja mwezi Machi 1837 kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, na kitambaa cha merikani, kilichofumwa katika viwanda ambavyo ushuru uliochukiwa na South Carolina ulikusudiwa kuvilinda, kikawa vazi na sarafu kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kiwanda kilicholindwa kwa ushuru mkubwa nyumbani kiliuza ugenini kupitia lango la asilimia 5. Hii ndiyo sehemu ya habari ambayo vitabu vya shule, vinavyosimulia mkataba wa 1833 kama mwanzo wa urafiki, huipita haraka mno.

Mzigo ulioondolewa kwenye bega la mgeni haukupotea. Said hakuajiri maofisa wa forodha. Aliikodisha, yaani alimuuzia mtu mmoja haki ya kukusanya ushuru kwa malipo maalumu ya kila mwaka, naye mkodi akachukua ziada yote. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Jairam Shivji, mfanyabiashara kutoka Kutch, ambaye alikuwa pia mkopeshaji wa Sultani na mshirika wa biashara wa Waters, jambo lililowakasirisha wafanyabiashara wengine wa Marekani na Uingereza. Mwanahistoria wa Zanzibar Abdul Sheriff ameonyesha, katika utafiti wake juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, kwamba kwa kuwa mikataba iliwafunga mikono watoza ushuru mbele ya meli za kigeni, uzito ulihamishiwa kwenye bidhaa za Afrika zilizokuwa zikiingia sokoni, na kiwango cha kodi ya pembe kilitofautiana kwa kadiri ya sehemu ya pwani zilikotoka. Mkamba aliyebeba pembe hadi pwani na Mswahili aliyezipakia katika jahazi hawakutajwa katika mkataba wa Muscat, wala hawakumwandikia mtu barua. Lakini wao ndio waliolipa.

Mombasa ilianguka mwaka 1837 bila mapigano makubwa. Mpasuko kati ya Wamazrui wenyewe, na kati yao na baadhi ya wazee wa Thelatha Taifa, makundi matatu kati ya yale kumi na mawili, uliifungua ngome ambayo mizinga haikuweza kuifungua. Liwali Rashid bin Salim na wakubwa wa ukoo wake walikamatwa na kupelekwa uhamishoni katika Ghuba, na forodha ya Mombasa ikaunganishwa na ile ya Unguja. Mwaka 1840 merikebu ya Sultani, Al-Sultanah, ikafika New York chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na barua na zawadi kwa Rais wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa Van Buren, yuleyule aliyemshauri Jackson apunguze ukali. Katiba ilimkataza Rais kupokea zawadi za mfalme bila ridhaa ya Bunge, hivyo zikapokewa kwa niaba ya taifa.

Asilimia 5 ya mkataba wa Muscat iligeuka pingu. Uingereza iliipata mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844, na mikataba ya 1885 na Ujerumani na ya 1886 na Uingereza iliendelea nayo, hata Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja aliyehitaji fedha kuliko wote waliomtangulia, hakuweza kuupandisha ushuru wa bidhaa ziingiazo bila ridhaa ya mataifa ya nje. Kitu ambacho Jackson aliipelekea South Carolina bunduki ili akilinde, yaani uwezo wa dola kujiamulia ushuru wake, mtawala wa Unguja na Mombasa alikuwa amekitoa kwa mkataba. Alichobakiwa nacho ni kuikodisha forodha yenyewe. Tangu 1877 William Mackinnon, tajiri wa meli wa Scotland, alikuwa katika mazungumzo na Barghash juu ya jambo hilo, na baada ya rasimu ya kwanza kuanguka mwaka 1878, Mei 24, 1887 Barghash aliikabidhi kampuni ya Mackinnon, kwa miaka 50, utawala na ushuru wa pwani kuanzia mto Umba hadi Kipini, Mombasa ikiwa katikati yake.

Kampuni hiyo nayo ilifungwa na karatasi. Mwaka 1892 Uingereza iliiweka milki ya Sultani ndani ya eneo la biashara huria la Mkataba wa Berlin, ambamo haki ya kutoza bidhaa ziingiazo iliwekewa mipaka, na wakurugenzi wakalalamika kwamba wanaendelea kumlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka kwa forodha iliyotolewa thamani. Mwaka 1895 kampuni iliiachia pwani kwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka katika fedha ambazo Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani kwa pwani ya Tanganyika: kwa maneno mengine, fedha ya Sultani ndiyo iliyoikomboa pwani ya Sultani, na ikakombolewa kwa ajili ya Uingereza. Kwa mapatano ya mwaka huo na Sultani kodi ikapandishwa hadi pauni 17,000 kwa mwaka, yaani zile 11,000 pamoja na 6,000 za riba ya fedha yake mwenyewe, na bendera nyekundu ikaendelea kupepea juu ya ngome ya Mombasa kama ushahidi wa ubwana usio na forodha.

Malipo hayo yaliendelea hadi mwaka wa uhuru. Oktoba 5, 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua, ambazo kwa mujibu wake mamlaka ya Sultani juu ya ukanda wa pwani wa maili kumi yangekoma siku ya uhuru wa Kenya, Desemba 12. Kwa upande wake serikali ya Kenya iliahidi kuhifadhi mahakama za Kadhi, uhuru wa dini, mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na hati za ardhi za watu wa pwani. Tofauti na barua za Jackson kwa Poinsett, hizi ziliandikwa ili zisomwe na wote, na katika Mji wa Kale zimesomwa kwa makini hasa: wanaodai kwamba pwani ilidhulumiwa, likiwemo Baraza la Jamhuri ya Mombasa, huyarejelea mapatano ya 1895 na ya 1963, na wanaowapinga huyarejelea hayohayo.